B.E.2c

B.E.2c ni aina ya eropleni ya kijeshi ya Uingereza iliyotumika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918). Ilibeba watu wawili, ikatumika kwa upelelezi, kupiga picha kutoka angani, kuelekeza mizinga na kudondosha mabomu. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara, Rwanda na Burundi) ilikuwa kati ya ndege za kwanza za mabomu kuonekana. Mwaka 1916 ilitumiwa na jeshi la Uingereza lililoshuka kwa kufuata mto Pangani hadi Korogwe na Handeni.

Kwa vipimo vya leo ilikuwa ndege ndogo na ya polepole. Katika eneo hilo lakini hapakuwa na ndege ya adui ya kupambana nayo, kwa hiyo ilifanya kazi ambayo huko Ulaya iliachiwa ndege kubwa zaidi.

## Jina

Herufi "B.E." ni kifupisho cha *Blériot Experimental*. Louis Blériot alikuwa rubani na mtengenezaji wa ndege kutoka Ufaransa, aliyevuka mlangobahari wa Uingereza kwa eropleni mwaka 1909. Kiwanda cha serikali huko Farnborough, Uingereza, kilitumia jina lake kwa ndege zenye injini na rafadha upande wa mbele. Namba 2 ni ya muundo wenyewe, na herufi "c" inaonyesha toleo lake.

## Historia ya kuundwa

Muundo wa B.E.2 ulitokana na kazi ya Geoffrey de Havilland, aliyeirusha kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1912. Matoleo ya kwanza yalikuwa B.E.2a na B.E.2b.

Mhandisi Edward Busk aliubadilisha muundo huo ili ndege iweze kujisawazisha yenyewe angani. Lengo lake lilikuwa kumpa rubani nafasi ya kutazama ardhi, kuandika alichokiona na kusoma ramani bila kuhangaika na usukani wakati wote. Toleo hilo liliitwa B.E.2c, likaruka mara ya kwanza mwaka 1914. Busk mwenyewe alifariki mwezi Novemba mwaka huohuo, ndege aliyokuwa akiirusha iliposhika moto angani.

Vita vilipoanza, jeshi lilihitaji ndege nyingi kwa haraka. Viwanda vingi vya binafsi vilipewa michoro, na jumla ya ndege takriban 3,500 za matoleo yote ya B.E.2 zilitengenezwa.

## Muundo

B.E.2c ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya lingine, yaliyoshikanishwa kwa nguzo za mbao na nyaya za chuma. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao na kilifunikwa kwa kitambaa cha kitani. Kitambaa kilipakwa dawa maalumu ya kukikaza na kuzuia maji.

Mtazamaji aliketi mbele, chini ya bawa la juu, na rubani aliketi nyuma yake. Mpangilio huu ulikuwa na kasoro kubwa: mtazamaji alizungukwa na nguzo na nyaya, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwake kulenga kwa bunduki bila kuipiga ndege yake mwenyewe.

Injini ya kawaida ilikuwa RAF 1a yenye silinda nane, iliyopozwa kwa hewa.

## Uwezo

Vipimo vya B.E.2c yenye injini ya RAF 1a:

- Wafanyakazi: 2 (rubani na mtazamaji)
- Urefu: mita 8.31
- Upana wa mabawa: mita 11.3 hivi
- Uzito bila mzigo: kilogramu 621 hivi
- Uzito wa juu wakati wa kuruka: kilogramu 1,066 hivi
- Nguvu ya injini: nguvu farasi 90
- Mwendo wa juu: kilomita 116 kwa saa
- Kimo cha juu: mita 3,000 hivi
- Muda wa kukaa angani: saa 3 na dakika 15
- Mabomu: hadi kilogramu 100 hivi

Uzito wa mabomu unahitaji maelezo. Ndege hii haikuweza kubeba mtazamaji, mafuta ya kutosha na mzigo kamili wa mabomu kwa pamoja. Ilipokwenda kushambulia kwa mabomu mazito, mtazamaji aliachwa chini na rubani aliruka peke yake. Ikiwa na watu wawili ilibeba mabomu madogo machache, kwa kawaida ya ratili 20 (kilogramu 9) kila moja.

Kupanda juu pia kulichukua muda mrefu. Ndege ilihitaji dakika 45 hivi kufika mita 3,000.

## Matumizi huko Ulaya

Mwanzoni mwa vita B.E.2c ilifaa kazi yake. Tangu nusu ya pili ya mwaka 1915 Wajerumani walipeleka ndege za Fokker zenye bombomu lililofyatua risasi kupitia katikati ya rafadha inayozunguka. B.E.2c haikuweza kukimbia wala kugeuka upesi. Sifa yake ya kujisawazisha sasa ilikuwa hasara, kwa sababu ndege isiyopenda kuyumba pia haipendi kukwepa. Marubani na watazamaji wengi waliuawa.

Usiku hali ilikuwa tofauti. Ndege tulivu ilifaa kurushwa gizani, na B.E.2c ilitumika kuilinda Uingereza dhidi ya ndege-puto kubwa za Wajerumani. Mwezi Septemba 1916 Luteni William Leefe Robinson aliangusha ndege-puto SL 11 karibu na London akiwa katika B.E.2c.

## Matumizi katika Afrika ya Mashariki

### Ndege za kwanza

Wajerumani walikuwa na eropleni moja tu vita vilipoanza. Ililetwa Dar es Salaam mwaka 1914 na rubani Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho, na haikuwa na nafasi kubwa katika vita. Meli za Uingereza zilifunga njia ya bahari, kwa hiyo hakuna ndege nyingine iliyoletwa kuisaidia.

Upande wa Uingereza, ndege za kwanza zilikuwa za jeshi la majini. Mwishoni mwa mwaka 1914 ndege za majini zilitumwa kuitafuta manowari ya Kijerumani *Königsberg* iliyojificha katika delta ya mto Rufiji. Mwezi Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilielekeza mizinga ya meli *Severn* na *Mersey* hadi *Königsberg* ikaharibiwa kabisa. Wajerumani waliokoa mizinga yake, wakaitumia nchi kavu kwa muda mrefu baadaye.

### Kikosi cha 26

B.E.2c za jeshi la nchi kavu zilikuja na Kikosi cha 26 cha Royal Flying Corps. Kikosi hiki kiliundwa Uingereza mwezi Oktoba 1915, na wengi wa watu wake walikuwa Waafrika Kusini waliowahi kurusha ndege katika vita vya Afrika ya Kusini-Magharibi ya Kijerumani (leo Namibia). Kilifika Mombasa mwisho wa Januari 1916, kikaweka kambi Mbuyuni, upande wa Kenya wa mpaka, karibu na reli iliyokuwa inajengwa kuelekea Taveta.

Pamoja na B.E.2c kikosi kilikuwa na ndege za Henri Farman kutoka Ufaransa. Hizi zilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma, na zilistahimili jua na unyevu kuliko ndege za mbao.

Mmoja wa watazamaji wa kikosi alikuwa Leo Walmsley, ambaye baadaye alikuwa mwandishi wa riwaya. Mwaka 1920 alitoa kitabu kuhusu maisha ya kikosi hicho katika Afrika ya Mashariki.

### Korogwe na Handeni, 1916

Mwezi Machi 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts liliteka eneo la Moshi na Kahe. Mvua za masika zilisimamisha vita hadi mwezi Mei. Baada ya hapo Smuts alishuka kusini-mashariki akifuata milima ya Upare, reli ya Usambara na mto Pangani. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma hatua kwa hatua bila kukubali pigano kubwa.

Korogwe ilikuwa kituo muhimu cha reli kati ya Tanga na Moshi, na mahali pa kuvukia mto Pangani. Handeni iko kusini-magharibi yake, takriban kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Ilikuwa na boma la Kijerumani, na wakati wa vita ilikuwa pia ghala. Wajerumani walijenga reli nyembamba ya vitoroli kutoka kituo cha Mombo hadi Handeni ili kuhamisha vifaa kutoka reli ya kaskazini kuelekea Reli ya Kati. Aliyeshika Korogwe na Handeni alikuwa na njia ya kuelekea Morogoro mkononi.

Jeshi la Uingereza liliingia Korogwe tarehe 15 Juni 1916 na Handeni siku chache baadaye. Tarehe 24 Juni kulikuwa na mapigano kwenye mto Lukigura, kusini zaidi. Kisha jeshi lilipiga kambi Msiha, likakaa hadi mwanzo wa Agosti kwa sababu ya uchovu, magonjwa na upungufu wa chakula. Huko lilipigwa na mizinga iliyookolewa kutoka *Königsberg*.

Mwendo huu unaonyesha faida na mipaka ya B.E.2c. Kutoka Moshi hadi Korogwe kwa reli ni zaidi ya kilomita 260. Ndege inayokaa angani saa tatu na robo haikuweza kwenda umbali huo na kurudi. Kwa hiyo kila jeshi liliposonga mbele, viwanja vya ndege vilipaswa kufuata nyuma yake. Watu walifyeka vichaka, wakang'oa visiki na kusawazisha ardhi ili ndege ziweze kutua. Uwanja ukishakuwa tayari, umbali wa Korogwe hadi Handeni ulikuwa nusu saa hivi kwa ndege. Askari wa miguu walihitaji siku kadhaa.

### Kazi zilizofanywa

Kazi kubwa ilikuwa upelelezi. Ramani za Waingereza zilikuwa na makosa mengi, na ndege ziliweza kuonyesha mito, njia na reli zilipo kweli. Taarifa ziliandikwa kwenye karatasi, zikatiwa katika mfuko na kudondoshewa askari walioko chini.

Kazi ya pili ilikuwa kudondosha mabomu. Shabaha zilikuwa kambi, vituo vya reli, maghala na maboma. Hapakuwa na chombo kizuri cha kulengea. Mara nyingi rubani au mtazamaji alikadiria kwa macho.

Matokeo ya mabomu yalikuwa madogo kwa sababu tatu:

- Pori. Nyika ya Handeni na mabonde ya Pangani yalikuwa na vichaka na miti mingi. Kutoka juu ilikuwa vigumu kuona kikosi kilichotulia chini ya miti.
- Mbinu za adui. Askari wa von Lettow-Vorbeck walijifunza kusimama kimya waliposikia injini na kuhama usiku.
- Uzito mdogo. Mabomu machache ya kilo 9 hayakuweza kuvunja reli kwa muda mrefu. Reli ikikatwa ilitengenezwa upya.

Hata hivyo mashambulizi yalileta hofu. Wapagazi na wakazi wengi walikuwa hawajawahi kuona eropleni. Watu walioishi karibu na boma au kituo cha reli sasa walikuwa katika hatari ambayo haikuwapo kabla ya hapo, hata kama hawakuwa askari. Bomu lililolengwa kwa macho halikuweza kutofautisha ghala la jeshi na nyumba ya jirani.

### Matatizo ya nchi na hali ya hewa

Adui mkubwa wa B.E.2c katika eneo hili hakuwa bunduki bali mazingira.

Hewa ya joto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, na injini hupata oksijeni kidogo. Ndege iliyokuwa dhaifu Ulaya ilikuwa dhaifu zaidi saa sita mchana Korogwe, kwa hiyo ilikuwa afadhali kuruka asubuhi na mapema. Jua lilikausha na kupinda mbao, mvua na umande vililegeza gundi na kitambaa, na mchwa walikula kilichoachwa ardhini.

Injini ikizimika juu ya pori, hapakuwa na mahali pa kutua. Rubani aliyenusurika alilazimika kutembea kwa siku nyingi bila maji ya kutosha. Malaria na kuhara viliwaangusha marubani na mafundi, hivyo mara nyingi ndege chache tu ziliweza kuruka kwa wakati mmoja.

Mafuta, mabomu na vipuri vilitoka Mombasa kwa reli, kisha kwa magari, mikokoteni ya ng'ombe na mwishowe juu ya vichwa vya watu. Maeneo mengi ya njia hiyo yalikuwa na mbung'o, na maelfu ya farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa nagana.

### Wapagazi

Kwa sababu wanyama walikufa, vita vya Afrika ya Mashariki vilitegemea wapagazi. Kila debe la mafuta lililofika kwenye uwanja wa ndege porini lilikuwa limepita mikononi mwa watu hao. Wengi hawakujiunga kwa hiari. Chakula kilikuwa kidogo, na magonjwa yaliua kuliko risasi. Zaidi ya wapagazi 40,000 wa upande wa Uingereza waliandikwa kuwa wamekufa, na wanahistoria wengi huona kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi.

Majeshi yote mawili yalichukua pia nafaka, mifugo na wanaume kutoka vijiji vilivyokuwa njiani, vikiwemo vya Wazigua wa Handeni na vya Wazigua, Wabondei na Wasambaa wa Korogwe. Ripoti za marubani zinaeleza barabara, maboma na kambi. Hazielezi sana waliobaki bila chakula baada ya majeshi kupita.

### Baada ya Handeni

Mwezi Agosti 1916 jeshi la Smuts lilisonga tena, likaingia Morogoro mwisho wa mwezi huo. Dar es Salaam ilitekwa mwanzo wa Septemba. Ndege za Kikosi cha 26 ziliendelea kusini pamoja na vita hadi mwanzo wa mwaka 1918, kikosi kilipoondoka. Kilivunjwa huko Uingereza mwezi Julai 1918. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha huko Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya.

Wajerumani nao walijaribu kuleta msaada kwa njia ya anga. Mwezi Novemba 1917 ndege-puto L 59 iliondoka Jamboli nchini Bulgaria ikiwa na dawa na silaha. Ilifika juu ya Sudan, ikaamriwa kurudi. Ilikuwa imekaa angani saa 95 bila kutua.

## Kulinganisha na ndege kubwa za mabomu

Wakati B.E.2c ikiruka juu ya Korogwe, nchi za Ulaya zilikuwa tayari zinatengeneza ndege kubwa za mabomu. Urusi ilitangulia kwa ndege ya injini nne ya Igor Sikorsky iitwayo *Ilya Muromets*. Uingereza ilileta Handley Page O/100 mwishoni mwa mwaka 1916. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 30 hivi na iliweza kubeba mabomu ya kilogramu 800 hivi, yaani mara nane ya B.E.2c. Ujerumani ilitumia ndege za Gotha kushambulia London kuanzia mwaka 1917, na Zeppelin-Staaken R.VI yenye mabawa ya mita 42.

Hakuna hata moja ya aina hizo iliyotumika vitani katika Afrika ya Mashariki. Zilihitaji viwanja virefu, mafuta mengi na mafundi wengi, na hapakuwa na miji mikubwa ya viwanda ya kushambulia. Mahali ambapo debe moja la mafuta lilibebwa kichwani kwa siku nyingi, ndege ya injini nne isingeweza kuhudumiwa.

Ndege kubwa ya mabomu ilifika Tanganyika baada ya amani. Vickers Vimy ilibuniwa wakati wa vita ili kushambulia Ujerumani, lakini ilichelewa. Mwezi Februari 1920 ndege ya aina hiyo, iliyorekebishwa kubeba abiria, ilikuwa ikisafiri kutoka Uingereza kuelekea Cape Town. Ilianguka Tabora ilipokuwa ikiruka, na safari yake ikaishia hapo.

## Umuhimu wa kihistoria

B.E.2c haikuamua mshindi wa vita vya Afrika ya Mashariki. Iliwapa Waingereza macho ya angani mahali ambapo hawakuwa na ramani, lakini haikuweza kulikamata jeshi lililojificha porini. Tatizo hilohilo lilirudi mara nyingi katika vita vya karne ya 20, ndege zilipotumwa kupambana na wapiganaji wa msituni.

Kumbukumbu ya wazi ya vita hivyo kwa Watanzania haihusu ndege. Ni Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927 kwa heshima ya askari na wapagazi Waafrika, na jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi.